Jinsi ya kutambua mapema hatua itakayoamua mbio za baiskeli za wiki tatu

Mbio kubwa za wiki tatu ziko tatu tu kwa mwaka: Giro d'Italia, Tour de France na Vuelta a España. Kila moja ina hatua 21 (kila hatua ni mbio za siku moja), kwa kawaida siku mbili za mapumziko, na safari inayozidi kilomita elfu tatu, na mshindi ni yule ambaye jumla ya muda wake wa siku zote ni mdogo kuliko ya wengine. Kwa hesabu hiyo mtu angedhani kwamba kila siku ina uzito sawa na nyingine, lakini sivyo ilivyo. Siku nyingi wanaowania ushindi humaliza wakiwa pamoja, au wakapishana kwa sekunde za kuhesabika, kisha ikafika siku moja ambayo pengo la dakika nzima linafunguka na halizibiki tena. Maelezo haya yanahusu namna ya kuitambua siku hiyo kabla haijafika, kwa kutumia vitu ambavyo mtazamaji yeyote anaweza kuvipata: michoro ya njia, jedwali la muda, na taarifa ya nani amebakiwa na wasaidizi wangapi, yaani wenzake wa timu wanaomfanyia kazi. Kanuni ninayoifuata ni fupi. Usitafute mlima mrefu kuliko yote; tafuta siku ambayo aliye nyuma hawezi kungoja tena na aliye mbele hana pa kujificha.

Kwanza tukubaliane juu ya maana, kwa sababu mabishano mengi kuhusu jambo hili yanatokana na watu kuzungumzia vitu viwili tofauti. Siku ambayo jezi ya kiongozi, inayovaliwa na anayeongoza kwa jumla ya muda, inahamia kwa mtu mwingine si lazima iwe ndiyo siku iliyoamua. Mimi huiita hatua ya maamuzi ile ambayo mshindi wa mwisho alipata sehemu kubwa zaidi ya pengo lililomtenganisha na mshindani wake wa karibu. Kipimo hiki hakina huruma, lakini kinahesabika. Katika Tour ya 2023, Jonas Vingegaard alianza hatua ya 16 akiwa mbele ya Tadej Pogačar kwa sekunde 10 tu. Siku hiyo, katika mbio dhidi ya saa za kilomita 22.4, ambapo kila mtu huendesha peke yake na kupimwa muda, akaongeza dakika 1 na sekunde 38, na wengi wakasema mambo yamekwisha. Kesho yake, kwenye mlima wa Col de la Loze, Pogačar akaishiwa nguvu na kupoteza dakika 5 na sekunde 45. Pengo la mwisho mjini Paris lilikuwa dakika 7 na sekunde 29, kwa hiyo kwa kipimo changu Loze ndiyo iliyoamua, hata kama mizani ilikuwa imekwisha kuinama siku iliyotangulia.

Sasa tuchukue michoro ya njia, ambayo waandaaji hutangaza miezi kadhaa kabla ya mbio. Ile ya Tour kwa kawaida hutolewa mwezi Oktoba. Michoro hii hudanganya. Kipimo cha kwenda juu kinavutwa kuliko kile cha kwenda mbele, hivyo kila kilima huonekana kama ukuta, na msomaji mgeni hujikuta akihesabu meno ya msumeno badala ya kusoma namba. Weka mchoro pembeni na uandike kwa kila mpando mambo matatu: urefu wake kwa kilomita, wastani wa mwinuko kwa asilimia, na kimo cha kilele. Wastani nao una hila zake, kwa maana mpando wa kilomita 10 wenye wastani wa asilimia 5 unaweza kuwa na kilomita 4 za tambarare katikati na vipande vya asilimia 11 mwishoni, na ni vile vipande vinavyotenganisha watu. Tafuta mchoro unaoonyesha mwinuko wa kila kilomita moja moja.

Sababu ya kujali mwinuko ni hewa. Katika tambarare, kundi likienda kwa zaidi ya kilomita 40 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji huishia katika kusukuma upepo, na anayejificha nyuma ya mwenzake huokoa theluthi moja ya nguvu hizo au zaidi. Ndiyo maana mtu mwenye nguvu kuliko wote hawezi kuwatoka wenzake pale. Atawakatia upepo, nao watamshukuru. Mwinuko unapofika asilimia 8 au 9, mwendo hushuka hadi karibu kilomita 20 kwa saa, kivuli cha mwenzako kinakuwa na faida ndogo, na kila mtu anaubeba uzito wake mwenyewe.

Hapo hesabu inakuwa rahisi. Mpando wa Col du Granon una kilomita 11.3 kwa wastani wa asilimia 9.2, maana yake ni kupanda mita zaidi kidogo ya elfu moja. Wapandaji bora hupanda wima takriban mita 1,700 kwa saa, kwa hiyo Granon ni kazi ya dakika 36 hivi. Mshindani ambaye siku hiyo miguu yake ina upungufu wa asilimia 5 tu atachelewa karibu dakika moja na sekunde 50. Fanya hesabu hiyo hiyo kwa mpando wa kilomita 3, hata uwe mkali namna gani, nawe utaona kwamba upungufu ule ule unamgharimu chini ya dakika moja. Mipando mifupi mikali hupendeza kwenye televisheni, na sekunde 10, 6 na 4 za nyongeza wanazopewa watatu wa kwanza huifanya ionekane ya maana zaidi ya ilivyo, lakini ni nadra kuamua mbio za wiki tatu.

Ongeza kimo. Kilele kikizidi mita 2,000, hewa inakuwa nyepesi na nguvu za mwili hupungua, tena hazipungui sawa kwa kila mtu. Wapo wanaohimili na wapo wanaozimika kama kibatari kilichoishiwa mafuta. Granon ina mita 2,413, Loze mita 2,304, Galibier mita 2,642, na Iseran, ambako Egan Bernal aliipata jezi ya njano, ile ya kiongozi wa Tour, mwaka 2019, unazidi mita 2,700. Mimi huweka alama ya penseli kwa kila kilele cha namna hiyo kabla sijaangalia kitu kingine.

Hata hivyo, mlima peke yake hautoshi, na hapa ndipo wabashiri wengi wanapokosea. Swali la maana zaidi ni kile kilicho kabla ya mpando wa mwisho na kile kilicho baada yake. Hatua yenye kilomita 150 za tambarare na mlima mmoja mwishoni huwafikisha viongozi chini ya mlima wakiwa na wasaidizi wao wote. Wasaidizi hao huweka mwendo mkali kiasi kwamba hakuna anayeweza kuchomoka, na vita halisi huanza zikiwa zimebaki kilomita tatu au nne. Matokeo yake ni sekunde 20, pengine 40. Lakini hatua yenye milima miwili au mitatu mikubwa iliyofuatana huwamaliza wasaidizi mmoja mmoja, hadi mwenye jezi anabaki peke yake katikati ya wapinzani zikiwa zimesalia kilomita 50. Hizo ndizo hatua za kuzungushia duara.

Kisha angalia bonde. Bonde refu kati ya kilele na mstari wa kumalizia ni adui wa mtu aliyechomoka peke yake, kwa kuwa pale upepo unarudi kuwa bwana na wanaofukuza wanaweza kupokezana. Isipokuwa awe na mwenzake anayemngoja mbele. Giro ya 2025 ilitoa mfano ambao ningependa kila mbashiri aukumbuke. Hatua ya 20, kutoka Verrès hadi Sestriere, ilikuwa na kilomita 205 na ilipita Colle delle Finestre, mlima wa kilomita 18 na nusu wenye mwinuko wa zaidi ya asilimia 9, ambao takriban kilomita zake 8 za juu ni barabara ya changarawe. Isaac del Toro alikuwa na jezi ya waridi, ile ya kiongozi wa Giro, Richard Carapaz akimfuata kwa sekunde 43, na Simon Yates kwa dakika 1 na sekunde 21. Mlimani Yates akachomoka. Del Toro na Carapaz wakabaki wakitazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake afanye kazi ya kumfukuza, kwa sababu kila mmoja alimwona mwenzake kuwa ndiye hatari. Huko mbele alikuwepo Wout van Aert, mwenzake Yates wa timu moja, ambaye alikuwa amejiingiza mapema katika kundi lililochomoka asubuhi. Bonde ambalo lingemmaliza Yates likawa mahali alipopata muda zaidi, na Giro akaishinda kwa dakika 3 na sekunde 56.

Mlima ni ule ule ambao mwaka 2018 ulimvua Yates huyo huyo jezi ya waridi, akapoteza zaidi ya dakika 38 siku ile ile ambayo Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, alichomoka zikiwa zimebaki kilomita 80 hivi na kuitwaa jezi akitokea dakika 3 na sekunde 22 nyuma. Nikiona Finestre kwenye njia katika siku mbili au tatu za mwisho, sihitaji kushawishiwa sana.

Tukio la 2025 linatufikisha kwenye jambo ambalo ramani haiwezi kuonyesha, nalo ni hesabu ya watu. Jioni ya siku ya pili ya mapumziko, chora jedwali dogo la watano wa kwanza na uandike mbele ya kila jina: yuko nyuma kwa kiasi gani, ni hodari wa nini, amebakiwa na wasaidizi wangapi wanaoweza kupanda, na siku ya mwisho inayomfaa kushambulia ni ipi. Mpandaji hodari asiyejiweza katika mbio dhidi ya saa, aliye nyuma kwa dakika moja, na ambaye njia imembakishia mlima mmoja tu kabla ya mbio hizo, atashambulia kwenye mlima huo, liwalo na liwe. Mwenye nafasi ya tatu anayeogopa kuipoteza hatashambulia popote, hata njia iwe nzuri kiasi gani. Kwa njia hii unaweza kufuta hatua kadhaa ambazo kwenye mchoro zilionekana za kutisha, kwa sababu tu hakuna mtu mwenye haja nazo.

Vuelta ya 2012 ni ushahidi wa upande wa pili. Joaquim Rodríguez alikuwa ameilinda jezi nyekundu, ile ya kiongozi wa Vuelta, katika siku tatu mfululizo za milima mikali, ikiwemo Lagos de Covadonga na Cuitu Negru, na kila Alberto Contador alipojaribu kumtoka alishindwa. Baada ya siku ya mapumziko ikaja hatua ya 17 kuelekea Fuente Dé, ambayo kwa mtazamo wa mchoro haikuwa na ukali wa zile zilizopita. Contador, aliyekuwa nyuma kwa sekunde 28, alishambulia mapema, wenzake wa timu waliokuwa mbele wakamsaidia, na jioni ile Rodríguez alikuwa ameshuka hadi nafasi ya tatu. Katika milima mikali Rodríguez alikuwa na nguvu zaidi. Kwenye njia ya kupanda na kushuka taratibu, ambako kivuli na wenzako vina thamani, alibaki peke yake. Hatua kama hii huwezi kuipata kwa kuhesabu mita za kupanda. Unaipata kwa kujiuliza: aliye nyuma amekwisha kujaribu nini kikashindikana, na kipi bado hajakijaribu? Siku inayofuata mapumziko nayo huongeza hatari, kwa sababu miili mingine hulala kiasi kwamba asubuhi haiamki, na hakuna anayejua ni ya nani mpaka mwendo ukaze.

Mbio dhidi ya saa zina hesabu yake, na hii ni sehemu ninayoiamini kuliko zote kwa kuwa haina siasa za kutazamana. Mwaka 1989 Greg LeMond alimpiku Laurent Fignon kwa sekunde 58 katika kilomita 24.5 za siku ya mwisho na kushinda Tour kwa sekunde 8. Mwaka 2011 Cadel Evans alimpokonya Andy Schleck dakika 2 na sekunde 31 katika kilomita 42.5. Mwaka 2017 Tom Dumoulin alimpata Nairo Quintana kwa dakika 1 na sekunde 24 katika kilomita 29.3 na kuibeba Giro. Ukigawanya, unapata kati ya sekunde 2.4 na 3.6 kwa kila kilomita, na ile ya Vingegaard mwaka 2023, iliyokuwa na mlima ndani yake, inafika sekunde 4.4. Hizi ni siku ambazo mmoja alikuwa juu sana au mwingine chini sana, kwa hiyo zichukue kama ukingo wa mbali, si kama kawaida. Lakini ukingo huo una kazi. Zidisha urefu wa mbio dhidi ya saa za mwisho kwa 3. Kama jibu linazidi uongozi wa mwenye jezi, na anayemfuata ni hodari zaidi katika fani hiyo, basi usimtawaze mtu yeyote mlimani.

Nayasema haya kwa sababu nimewahi kuyapuuza. Mwaka 2020 nilikuwa nimeandika kwa wino, siyo penseli, kwamba Tour ingeamuliwa katika hatua ya 17 juu ya Loze. Primož Roglič alimwongezea Pogačar sekunde 17 siku hiyo, uongozi ukafika sekunde 57, nami nikajiona nimepatia. Mbele yake zilikuwa zimebaki kilomita 36.2 dhidi ya saa hadi La Planche des Belles Filles. Zidisha kwa 3: karibu sekunde 109, ambazo ni nyingi kuliko 57. Namba ilikuwa hapo mbele yangu. Pogačar alimpita Roglič kwa dakika 1 na sekunde 56 na kushinda Tour kwa sekunde 59. Sikuizidisha kwa sababu Roglič alikuwa na sifa ya uhodari katika mbio dhidi ya saa, nikaona sifa inatosha mahali pa hesabu.

Upepo nitaupitia kwa haraka. Katika barabara zisizo na miti wala nyumba, upepo wa ubavuni hulipasua kundi katika safu za mshazari, na asiyekuwa safu ya mbele anapoteza muda bila kuona mlima. Pogačar huyo huyo alipoteza dakika 1 na sekunde 21 namna hiyo kwenye njia ya Lavaur mwaka 2020, na mwaka 2013 Alejandro Valverde, aliyekuwa wa pili, alipata pancha upepo ukivuma na akamaliza karibu dakika 10 nyuma. Ila tazama: hatua hizi humwondoa mtu katika ushindani mara nyingi kuliko zinavyomchagua mshindi. Zipe sehemu ndogo ya ubashiri wako, tena uzipe siku moja tu kabla, utabiri wa hali ya hewa ukiwa unaaminika.

Tuone sasa vipimo hivi vikifanya kazi pamoja, kwa kurudi kwenye hatua ya 11 ya Tour ya 2022. Hatua ilianzia Albertville na ilikuwa na kilomita 152 hivi. Katika sehemu yake ya pili kulikuwa na Télégraphe na Galibier vikiwa vimeshikana, kisha mteremko, kisha Granon, ambako Tour haikuwa imemalizia tangu 1986. Vilele viwili vilizidi mita 2,000, na mpando wa mwisho ulikuwa wa zaidi ya nusu saa. Kwenye jedwali la watu, Pogačar aliongoza mbele ya Vingegaard kwa sekunde 39, lakini timu yake ilikuwa imepungua kwa sababu ya maambukizi ya korona, wakati Vingegaard alikuwa na Roglič ambaye tayari alikuwa amepoteza muda na hivyo angeweza kutumika kama chambo. Ndivyo ilivyokuwa. Wawili hao walipokezana kumshambulia Pogačar mbali kabisa na mstari wa kumalizia, naye akajibu kila shambulio mwenyewe. Juu ya Granon, zikiwa zimebaki chini ya kilomita 5, Vingegaard akaondoka, na Pogačar hakuweza kumfuata. Alipoteza dakika 2 na sekunde 51 siku hiyo, na Tour nzima aliipoteza kwa dakika 2 na sekunde 43. Aliyetazama mchoro tu huenda angechagua hatua ya kesho yake kuelekea Alpe d'Huez, kwa kuwa jina lake ni kubwa zaidi.

Kwa hiyo usiandike jibu moja. Baada ya kuchuja njia na watu, bakiza hatua tatu na uzigawie asilimia mia: kwa mfano 50 kwa siku ya milima iliyoshikana, 30 kwa mbio dhidi ya saa, na 20 kwa ile hatua ya kati ambayo hakuna anayeizungumzia. Kila jioni, jedwali la muda likitoka, zigawe upya. Mpandaji akipata muda mapema, hisa ya mlima inapungua, kwa kuwa sasa ni zamu yake kulinda. Msaidizi muhimu akijiondoa, hisa ya siku ya milima iliyoshikana inapanda.

Asubuhi ya hatua yenyewe angalia mambo mawili ya mwisho: orodha ya waliojiondoa usiku, na hali ya barabara za juu. Mwaka 2019 mvua ya mawe na maporomoko ya udongo yaliifunga barabara ya kuelekea Tignes, hatua ikakatishwa, na muda ukachukuliwa kwenye kilele cha Iseran. Kesho yake hatua iliyokuwa na milima kadhaa ikafupishwa hadi kilomita 59. Waliokuwa wameweka hisa zao zote kwenye kilele cha Tignes walibaki na mlima ambao hakuna aliyeupanda. Taarifa ya kufutwa kwa mpando ikitoka kabla ya bendera ya kuanzia kushushwa, bado una nafasi ya kuchukua penseli.